Jaribio Kwanza, Istilahi Baadaye: Kufundisha Nuru kwa Vitendo na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkejeli mtu mzito wa kuelewa, lakini ina ukweli mwingine ambao mwalimu wa sayansi hukumbana nao kila siku. Mwanafunzi ambaye hajaliona jambo hawezi kulipata kwa kutajiwa jina lake. Anaweza kulikariri jina hilo, akaliandika katika karatasi ya mtihani na kutuzwa alama, kisha akatoka nje bila kujua kwamba jambo lenyewe lilikuwa likitukia kwenye sakafu ya darasa lake.

Chukua mfano wa darasa lililoezekwa kwa mabati. Jua linapopanda, miale hupenya katika matundu ya misumari iliyong'oka na kuchora viduara vya mwangaza sakafuni. Wanafunzi huvikanyaga viduara hivyo miaka nenda miaka rudi. Ni nadra mno kwa yeyote kuulizwa kwa nini viduara ni mviringo ilhali matundu yaliyoko juu yamepasuka ovyo, mengine yakiwa na pembe tatu na mengine yakiwa kama mipasuko ya kisu. Mwanafunzi huyohuyo huenda anaweza kutongoa kanuni zote za nuru bila kukwama. Kanuni ziko kinywani, viduara viko miguuni, na hakuna njia inayoviunganisha.

Makala haya yanalenga kueleza jinsi somo la nuru linavyoweza kufundishwa kwa majaribio yanayofanywa na mwanafunzi mwenyewe kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani na sokoni. Aidha, yanachunguza nafasi ya Kiswahili katika ufundishaji wa namna hiyo. Hoja kuu ni kwamba jaribio linapaswa kuitangulia istilahi. Wapenzi wa Kiswahili wamejadili kwa muda mrefu iwapo lugha hii inaweza kuimudu sayansi, na mara nyingi wamejibu kwa kutoa orodha za maneno. Orodha ni muhimu, lakini haitoshi. Lugha huimudu sayansi pale ambapo mtoto anaitumia kueleza alichokiona punde tu, tena kwa mshangao.

Nadharia, Mandhari na Ibn al-Haytham

Swali la jinsi mtu anavyoona ni la kale. Baadhi ya wataalamu wa Kiyunani, wakiwemo Euclid na Ptolemy, walishikilia kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu kinachoonwa. Wengine walidai kwamba kitu chenyewe ndicho hutuma umbo lake jichoni. Mjadala huo uliendelea kwa karne nyingi, kila upande ukitegemea ufasaha wa hoja zake.

Aliyeubadilisha mkondo wa mjadala ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Kairo yapata mwaka 1040. Katika kitabu chake Kitab al-Manazir, alichokiandika kati ya mwaka 1011 na 1021 hivi, alisisitiza kwamba madai kuhusu nuru yathibitishwe kwa majaribio. Mojawapo ya majaribio yake linaweza kurudiwa na darasa lolote lenye mishumaa. Taa kadhaa huwekwa mahali mbalimbali mbele ya tundu linaloelekea katika chumba chenye giza. Ukutani mle ndani huonekana madoa ya mwanga, idadi yake ikiwa sawa na idadi ya taa. Taa moja ikifunikwa, doa moja tu hutoweka, nalo ni lile lililo kwenye mstari mnyoofu unaotoka kwa taa hiyo na kupitia tunduni. Taa ikifunuliwa, doa hurejea mahali palepale. Kwa hivyo miale ya taa zote hupita katika tundu moja bila kuchanganyika, na kila mmoja hufuata njia yake iliyonyooka.

Kwa msomaji wa Kiswahili, jina la kitabu hicho lina la kusema. Neno manazir linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Mzizi huohuo ndio uliokipa Kiswahili neno mandhari, na ndio uliokipa neno nadharia. Vilevile, neno alilolitumia mtaalamu huyo kutajia kurudishwa kwa nuru na kioo ni la mzizi mmoja na kitenzi cha Kiswahili akisi. Hata sehemu saba za kitabu chake ziliitwa maqalat, yaani makala. Mwanafunzi wa fasihi anayezungumzia mandhari ya riwaya, nadharia za uhakiki na jinsi kazi inavyoakisi jamii anatumia, pasi na kujua, msamiati wa familia moja na ule wa elimu ya nuru. Kiswahili si mgeni katika somo hili.

Hata hivyo, lugha hiyohiyo imehifadhi pia nadharia iliyoshindwa. Waswahili husema kutupa jicho na kutupia macho, kana kwamba jicho hurusha kitu. Misemo hii si kosa, nayo ni pambo la lugha. Lakini watafiti wa elimu ya sayansi katika nchi mbalimbali wameonyesha kwamba watoto wengi, na hata watu wazima waliosoma, huamini kweli kwamba kuna kitu kinachotoka jichoni mtu anapotazama. Imani hiyo haiondolewi kwa kukanushwa. Huondolewa kwa katoni.

Katoni hiyo huzibwa kila upenyo, ikaachwa na tundu moja la kuchungulia na dirisha dogo ubavuni lenye kifuniko. Ndani yake huwekwa kitu, tuseme limau. Mwanafunzi akichungulia dirisha likiwa limefungwa, haoni chochote hata akikodoa macho namna gani. Kifuniko kikifunguliwa, limau hujitokeza. Jicho halikubadilika, na limau halikusogea. Kilichoongezeka ni nuru iliyoingia, ikaligonga limau, ikarudi jichoni.

Kitendawili cha Kivuli

Kila niendako yuanifuata. Jibu la kitendawili hiki ni kivuli, na kila mtoto analijua. Mwalimu wa nuru hana mlango mwema kuliko huu wa kuingilia somo, kwani kitendawili kimekwisha kuuliza swali ambalo fizikia hulijibu. Kwa nini yuafuata? Na kwa nini baadhi ya saa huwa mrefu na saa nyingine huwa mfupi?

Kadi tatu za ukubwa mmoja hutobolewa tundu katikati, zikasimamishwa kwa mfuatano juu ya meza kwa vipande vya udongo wa mfinyanzi. Mshumaa huwekwa upande mmoja na jicho upande wa pili. Mwali huonekana tu pale matundu yote matatu yanapokuwa katika mstari mmoja. Uzi ukipitishwa matunduni na kuvutwa, unyoofu huthibitika. Kadi moja ikisogezwa kidogo tu, mwali hutoweka. Hapo mwanafunzi hutambua kwamba kivuli ni mahali ambapo nuru, kwa kuwa haijui kupiga kona, imeshindwa kufika. Kivuli si kitu kinachotupwa na mti. Ni upungufu. Mtoto akilisema hilo kwa maneno yake mwenyewe, kitendawili kimeteguliwa mara ya pili.

Tundu la Msumari na Ukubwa wa Jua

Ni wakati wa kuvirudia viduara vya sakafuni. Kabla ya maelezo yoyote, mwalimu hukata tundu la pembe tatu, dogo kama punje ya mchele, katika kipande cha kadibodi. Huwauliza wanafunzi wachore umbo watakalolitarajia ukutani nuru ya jua ikipita humo. Karibu wote huchora pembetatu. Kisha kadibodi huwekwa juani. Ukuta ukiwa karibu sana, huonekana pembetatu kama walivyotarajia. Ukuta ukiwa mbali mita 2 au 3, huonekana duara.

Utabiri ulioandikwa kisha ukavunjika ndio kiini cha ufundishaji huu. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba huwa duara angekubali na kusahau. Aliyechora pembetatu, akaona duara, hawezi kutulia kabla ya kupata sababu. Sababu ni kwamba kila sehemu ya uso wa jua hupeleka nuru yake kupitia tunduni kwa mstari mnyoofu na kuangukia mahali pake. Duara lile ni taswira ya jua lenyewe. Madoa ya mviringo yanayocheza chini ya mwembe mchana ni taswira za jua pia, kila mwanya baina ya majani ukifanya kazi ya tundu.

Jaribio hili lina kipimo ndani yake. Karatasi nyeupe huelekezwa ikiwa mkabala na miale, mita 2 kutoka kwa tundu lenye upana wa milimita 1. Upana wa taswira ukipimwa kwa rula huwa takriban sentimita 2. Ukiondoa ile milimita 1 inayoongezwa na upana wa tundu lenyewe, husalia sentimita 1.9. Umbali wa jua kutoka duniani ni takriban kilomita 150,000,000. Kwa kuwa pembetatu mbili zinazokutana tunduni zina umbo moja, upana wa jua hupatikana kwa kuzidisha umbali huo kwa 1.9 na kugawanya kwa 200. Jibu ni kilomita 1,425,000. Wanafalaki wanalikadiria kuwa takriban kilomita 1,390,000. Mwanafunzi mwenye rula, kadibodi na pini amelipima jua akiwa ameketi darasani, na hakukosea sana.

Onyo moja lapasa kutolewa bila kulegeza sauti. Hakuna hata mara moja ambapo mwanafunzi anaruhusiwa kulitazama jua kupitia tundu. Jua hutazamwa kwenye karatasi, huku mtazamaji amelipa mgongo. Kanuni hii huwa na uzito wa pekee wakati wa kupatwa kwa jua. Tarehe 3 Novemba 2013, mwezi ulilifunika jua kwa watazamaji wa kaskazini mwa Kenya, na sehemu nyingine za nchi ziliona jua lililomegwa. Tarehe 2 Agosti 2027, Wakenya wataliona tena jua likiwa limemegwa kwa kiasi. Siku hiyo, madoa yote yaliyo chini ya miti yatageuka kuwa hilali. Shule itakayokuwa imefanya jaribio la tundu mapema haitahitaji kifaa kingine chochote.

Tundu hilohilo likiwekwa katika mkebe mtupu wa kakao, na upande wa pili ukafunikwa kwa karatasi iliyopakwa mafuta, hupatikana kamera ya tundu. Ikielekezwa kwa mti ulio juani, mti huonekana kwenye karatasi miguu juu kichwa chini. Wanafunzi wengi hudhani mkebe una kasoro, huugeuza, na mti hubaki vilevile. Wakinyoosha uzi mmoja kutoka kileleni mwa mti kupitia tunduni, na mwingine kutoka shinani, huona nyuzi zikipishana. Si lazima mwalimu aseme neno.

Kioo cha Jamii na Kioo cha Ukutani

Hakuna kauli inayorudiwa katika insha za fasihi kuliko ile isemayo kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Yafaa wanaoirudia wakichunguze kioo chenyewe.

Kipande cha kioo cha dirisha husimamishwa wima juu ya meza katika chumba chenye giza kiasi. Mshumaa unaowaka huwekwa sentimita 20 mbele yake, na bilauri iliyojaa maji huwekwa sentimita 20 nyuma yake. Mtazamaji aliye upande wa mshumaa huona mwali ukiwaka ndani ya maji. Darasa hucheka, kisha hunyamaza. Bilauri ikisogezwa mbele au nyuma, mwali hautulii tena ndani yake kila pembe inayotazamwa. Hivyo wanafunzi hujigundulia wenyewe kwamba taswira katika kioo bapa iko nyuma ya kioo kwa umbali ule ule ambao kitu kipo mbele yake.

Jaribio la pili halihitaji chochote ila kioo na kidole. Inasemekana kwamba kioo hubadilisha kulia kuwa kushoto. Mwanafunzi na asimame mbele ya kioo, aelekeze kidole mashariki. Taswira nayo huelekeza mashariki. Akielekeza juu, nayo huelekeza juu. Ila akielekeza kiooni, taswira humwelekezea kidole yeye. Kumbe kioo hakikubadilisha kulia wala kushoto. Kilichogeuzwa ni mbele na nyuma. Jambo lililoaminiwa tangu utotoni huanguka kwa kitendo cha sekunde kumi.

Kisha huja kijiko. Upande wa ndani, uliobonyea, ni kioo mbonyeo, na uso huonekana humo ukiwa umepinduka. Upande wa nje, uliobinuka, ni kioo mbinuko, na uso huonekana wima lakini umefanywa mdogo. Kioo cha ubavuni mwa matatu aghalabu ni mbinuko, nacho humwonyesha dereva sehemu kubwa ya barabara kwa gharama ya kuyafanya magari yaonekane yako mbali kuliko yalivyo.

Mhakiki aliyeyashuhudia haya atalazimika kuiuliza upya kauli yake. Ni kioo gani anachokizungumzia? Kioo bapa huonyesha vitu kwa ukubwa wake, lakini hugeuza mbele kuwa nyuma, na huonyesha tu kilicho mbele yake kwa yule aliyesimama mahali pafaapo. Kioo mbinuko huonyesha mengi kwa kuyafifisha. Kioo mbonyeo, kitu kikiwa karibu sana, hukikuza, na huenda tashtiti ina ujamaa wa karibu zaidi na hicho. Sitiari iliyochakaa hupata uhai pale inaporudishwa kwenye kitu ilikochotwa.

Sarafu, Mkuki na Mkokoteni

Sarafu huwekwa chini ya sufuria. Mwanafunzi hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi ukingo wa sufuria uifiche sarafu, akasimama hapo bila kusogeza kichwa. Mwenzake humimina maji polepole. Sarafu hujitokeza, kana kwamba imeinuka. Haikuinuka. Nuru inayotoka kwayo ndiyo iliyobadilisha mwelekeo ilipotoka majini na kuingia hewani, ikaupita ukingo.

Wavuvi wa pwani wanaowinda kwa mkuki kwenye maji ya kina kifupi waliujua ukweli huu kabla ya kitabu chochote cha shule. Mvuvi hauelekezi mkuki pale samaki anapoonekana, bali chini yake. Anayetazama maji kutoka juu moja kwa moja huona kina kikiwa robo tatu tu ya kina halisi, hivyo maji ya sentimita 100 huonekana kama ya sentimita 75. Mtoto asiyejua kuogelea anayekadiria kina cha bwawa kwa macho anadanganywa kwa robo nzima. Hapa elimu ya nuru si suala la alama tena.

Kwa nini nuru hubadilisha mwelekeo? Hewani husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na majini takriban kilomita 225,000. Mwenye kusukuma mkokoteni anaelewa matokeo ya tofauti hiyo. Mkokoteni ukitoka kwenye lami na kuingia mchangani kwa upande, gurudumu linalotangulia kugusa mchanga hupunguza kasi huku lingine likiendelea, na mkokoteni hugeuka. Ukiingia mchangani moja kwa moja, magurudumu yote hupunguza kasi kwa pamoja, nao haugeuki. Nuru hufanya vivyo hivyo. Mfano huu unaweza kujaribiwa darasani kwa magurudumu mawili ya kigari cha kuchezea yaliyounganishwa kwa mtaimbo mmoja, yakabingirishwa kutoka sakafuni hadi kwenye kipande cha blanketi.

Wakati wa mvua za rasharasha, somo hili hufika kilele. Kioo kidogo huegemezwa ndani ya beseni la maji juani, nacho hupeleka ukutani mkanda wa rangi. Isaac Newton aliyafanya majaribio yake ya rangi kwa mche wa kioo kuanzia mwaka 1666. Kwa kuipitisha rangi moja katika mche wa pili na kuona kwamba haikuzaa rangi nyingine, alionyesha kwamba rangi hazitiwi na kioo. Zimo katika nuru nyeupe yenyewe. Beseni na upinde wa mvua ni somo moja.

Istilahi Zinapowasili

Ni baada ya haya yote ndipo majina yanapopaswa kuletwa, na hapo Kiswahili huonyesha nguvu zake na udhaifu wake pia.

Nguvu yake ni uwazi. Mbonyeo hutoka kwa bonyea na mbinuko hutoka kwa binuka. Mtoto aliyekishika kijiko hahitaji kukariri lipi ni lipi, kwa sababu kidole chake kimekwisha kumjulisha. Vilevile, kuakisi, mwale na mstari mnyoofu ni maneno ambayo mwanafunzi huyakuta katika matumizi mengine ya lugha. Jitihada za kuyasanifisha si za jana. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na katika shule za msingi za Tanzania sayansi imefundishwa kwa Kiswahili kwa miongo kadhaa.

Udhaifu ni kwamba baadhi ya maneno hupotosha yasiposimamiwa na jaribio. Neno kioo hutaja kitu kinachorudisha nuru na pia kitu kinachoipitisha, nazo ni tabia mbili zinazokinzana. Taswira, kwa mwanafunzi wa ushairi, ni picha inayojengwa akilini kwa maneno, ilhali katika fizikia ni kitu kinachoweza kupimwa kwa rula. Na kitenzi kupinda, kinachotumiwa kueleza mabadiliko ya mwelekeo wa nuru majini, humfanya mtoto achore tao mfano wa upinde wa mshale. Dawa yake ni pini nne na chupa ya mraba iliyojaa maji. Pini zikipangwa pande mbili za chupa na njia ya nuru ikachorwa karatasini, huonekana mistari mitatu iliyonyooka kabisa inayokutana kwa kona mbili. Hakuna tao. Aliyelichora umbo hilo kwa mkono wake ataendelea kusema kupinda kama wenzake, lakini neno halitamdanganya tena.

Vikwazo na Mapendekezo

Ni dhahiri kwamba mwalimu wa Kenya ana vikwazo. Madarasa mengi yana wanafunzi wengi kupita kiasi, na shule nyingi hazina maabara. Katika mfumo wa 8-4-4, mada ya nuru iligawanywa katika vidato vyote vinne, tangu mstari mnyoofu katika kidato cha kwanza hadi lenzi nyembamba katika kidato cha nne. Hata hivyo, aghalabu majaribio yalingojea kukaribia kwa mtihani wa vitendo, yakafanywa kama mazoezi ya kujaza jedwali. Mtaala wa umilisi, uliofikishwa kote nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, unasisitiza kutenda. Msisitizo huo utabaki karatasini iwapo mwalimu atasubiri vifaa vya maabara ndipo atende. Vifaa vilivyotajwa katika makala haya, isipokuwa kioo na mishumaa, hupatikana katika jaa la katoni na jikoni.

Kikwazo kigumu zaidi ni lugha. Katika shule nyingi za Kenya, sayansi hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne. Matokeo yake ni hali ya kusikitisha ambapo mwanafunzi aliyeona hunyamaza kwa kukosa maneno, na mwenye maneno husifiwa ijapokuwa hakuona. Si lazima sera ibadilishwe ndipo hali hii irekebishwe. Mambo matatu yanawezekana leo.

Kwanza, kila jaribio liwe na hatua tatu ambazo ni kutabiri, kutazama na kueleza, na utabiri uandikwe kabla ya kifaa kuguswa. Pili, hatua ya kueleza iruhusiwe kufanywa kwa Kiswahili au lugha nyingine inayozungumzwa darasani, kisha ripoti iandikwe kwa lugha ya mtihani. Tatu, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili waingie katika madarasa hayo na kusikiliza. Mtoto anayeiona sarafu ikiinuka husema jambo, na jambo hilo huwa na kitenzi. Vitenzi hivyo ni malighafi ambayo wanaistilahi huitafuta katika makamusi ya lugha za mbali, ilhali imemwagika karibu na sufuria.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nuru ni somo linaloweza kufundishwa kwa kadi, kijiko, sufuria na tundu la msumari. Yameeleza pia kwamba thamani ya jaribio iko katika kuuvunja utabiri wa mwanafunzi, na kwamba istilahi hukita mizizi pale inapopata jambo la kulitaja. Kiswahili kina maneno ya kutosha kulianza somo hili, na kina historia ndani yake, kwani maneno yake yenyewe ya kutazama na kuakisi yana udugu na yale yaliyotumiwa na Ibn al-Haytham miaka elfu moja iliyopita.

Kinachosalia ni kitendo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika darasa la mabati, anayeinama na karatasi nyeupe mkononi, akaitega chini ya kile kiduara cha mwangaza, hulipata jua.